Zamu ya Mkaza Mwana

Ofisi ya Nyumba Tatu, Stockholm
Jumatatu, 6 Oktoba 1975

Mdogo wangu Namubiru,

Usishangae kukuta barua yangu ndani ya mfuko wa kadi. Simu ya ofisi iko mezani kwa Syster Gunvor, mkuu wetu, na kila nikizungumza Kiswahili anainua kichwa kana kwamba nimeangusha sahani. Mfuko huu unatoka hapa kila Jumatatu na Alhamisi, unapita kwako Hagsätra, kisha Tumba na Jakobsberg, na njiani hakuna mtu anayeweza kusoma maneno yetu. Tumejipatia tarishi.

Habari yenyewe ni kwamba nimeshinda. Mwaka mzima nimewapigia kelele: nyumba tatu za malazi, mji mmoja, watu walewale wasio na makazi wanazunguka kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, na kila nyumba inafanya lake. Mtu anafukuzwa Tumba kwa fujo, Jakobsberg wanampokea kama balozi. Sasa wamekubali mafunzo ya pamoja kila Jumanne, na wafanyakazi wote watakuwa wanabadilishana zamu, ili wa Tumba ajue kazi ya Jakobsberg na wewe uzijue zote. Mabadilishano ya zamu niliyadai mimi. Kwa upande wake Gunvor alidai kadi moja kwa nyumba zote, na sheria yake ni kali. Mtu akipewa kitanda kisha akakataa kuingia, kadi yake inawekwa alama pamoja na sababu. Akifikisha alama tatu, kadi inafungwa siku tisini, Hagsätra, Tumba na Jakobsberg. Sikuipenda, lakini tulipeana, mimi hili, yeye lile.

Nakutegemea uniheshimishe. Nilipokuombea kazi niliwaambia nimekuleta mtu, si jina la kujaza orodha. Mama yangu kaandika kutoka Bukoba anauliza kama unakula vizuri. Miezi minane uliyokaa kwake bado anaihesabu mpaka leo, anasema hajapata tena mtu wa kumenya ndizi kwa kasi yako.

Dada yako,
Winifrida


Hagsätra
Alhamisi, 16 Oktoba 1975

Dada Wini,

Mwambie Mama nakula, ila ndizi za hapa ni za kuchezea watoto.

Mafunzo nimeyapenda, sikudanganyi. Jumanne yule Roselyn wa Tumba aliigiza mlevi, mimi nikaigiza mpokeaji, na alivyoanguka sakafuni Gunvor alikimbia kumwinua akidhani ni kweli. Na hizi zamu za kubadilishana ni akili kubwa. Ijumaa iliyopita nilikuwa Jakobsberg. Nilitoka kule Hagsätra kwenye mwisho wa reli mpaka mjini, nikapanda treni ya pili, nikafika saa kumi jioni miguu imeganda, wakanipa meza ya mapokezi peke yangu. Mimi, Namubiru wa Masaka, nagawa vitanda kwa Waswidi.

Alikuja mzee mmoja wa kwetu. Nilimpa namba ya kitanda, akanitazama, akageuka, akatoka. Nimeweka alama kama ulivyotufundisha. Sehemu ya sababu nimeiacha wazi, sikujua niandike nini. Jana alifika huku Hagsätra, mambo yakawa yaleyale. Hiyo nayo nimeiacha wazi. Wewe ndiye mwalimu, utajaza.

Nipangie zamu nyingi za nje. Sichoki.

Mdogo wako,
Namubiru


Stockholm
3 Novemba 1975

Kwa Bibi Winifrida, mkubwa wa karatasi za nyumba za kulala,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Mimi ni Apollo Sebuliba, mtu wa Masaka, Uganda. Kiswahili changu ni cha Keya, jeshi la Waingereza, nilikipata vitani, kwa hiyo kikikosea usicheke. Jina lako nimeliona chini ya tangazo mlangoni pa nyumba ya Jakobsberg, nikajua huyu ni mtu wa Bukoba, ataelewa.

Nilifika nchi hii mwaka jana pamoja na wakimbizi wenzangu kutoka Nairobi. Nilikaa Tumba kwa mtu wa kwetu, nikiosha sufuria katika jiko la shule. Yule mtu alihamia London, nyumba ikachukuliwa na wenyewe. Tangu Septemba sina pa kulala. Sinywi pombe. Sina ugomvi na mtu.

Neno langu ni moja. Katika nyumba zenu anafanya kazi mwanamke anaitwa Namubiru. Huyo ni mke wa mwanangu Damian, ambaye askari walimchukua na hakurudi. Wewe ni mtu wa Bukoba, huhitaji nikueleze. Mimi siwezi kupokea kitanda mkononi mwa mkaza mwana wangu, wala kulala chini ya paa moja naye. Siku ya kwanza nilipomwona nikageuka, Mzungu mmoja alinifuata barabarani na kikombe cha kahawa, akidhani nimeogopa mbwa wa mlangoni.

Sikuombi umwondoe. Kazi ni yake. Naomba tu uniambie siku ambazo hayupo, na nyumba ambayo hayupo. Siku hizo nitakuja, siku nyingine nitajua mwenyewe.

Na ombi la pili. Usiwaandikie Wazungu jambo hili. Wataniuliza mbele ya watu, na yeye watamwuliza, na litakuwa jambo la kuchekwa mezani.

Apollo Sebuliba
Nipatie jibu kwa posta ya stesheni kuu.


Ofisi ya Nyumba Tatu
Alhamisi, 6 Novemba 1975

Namubiru,

Kwa nini hukuniambia kwamba yule mzee ni baba mkwe wako? "Mzee wa kwetu." Mimi nakaa hapa najiuliza ni mgonjwa wa akili, kumbe ni mtu anayeshika heshima yake kwenye baridi hii. Ameniandikia. Barua yake imenitoa machozi, na unajua mimi si mtu wa kulia ofisini.

Huna haja ya kunieleza mila. Kwetu mkaza mwana akimwona baba mkwe njiani anaacha njia, anajitoma kwenye migomba mpaka apite. Bibi yangu aliishi hivyo miaka thelathini na kwenye mazishi ya mkwe wake alilia akiwa ameipa maiti kisogo. Kwa hiyo naelewa, na nimeamua kumsitiri. Ameniomba nisiandike jambo hili kwenye kadi, na nimemtimizia. Zile sehemu mbili ulizoacha wazi nimezijaza mwenyewe, kwa mkono wangu: anapendelea kulala nje. Gunvor ameisoma akatikisa kichwa tu. Ni uongo mdogo, lakini ningeandika ukweli wangemwita, wangewakalisha nyote wawili kwenye viti vinavyotazamana, wangeleta biskuti, na mzee angekufa kwa aibu kabla ya baridi kumfikia.

Sasa ana alama mbili. Imebaki moja. Niandikie zamu zako zote za mwezi huu, nimpelekee. Hagsätra, Tumba, Jakobsberg, kila kitu. Yeye anataka hilo tu.

Winifrida


Hagsätra
Jumatatu, 10 Novemba 1975

Dada Wini mpendwa,

Nisamehe. Niliona haya. Wewe mwenyewe ungekuwa na baba mkwe anayebeba nguo zake kwenye mfuko wa plastiki ungemtangaza?

Umefanya vizuri kumsitiri, na maneno uliyoandika kwenye kadi ni mazuri, mafupi. Zamu zangu ni hizi. Wiki hii na ijayo niko Hagsätra siku zote, isipokuwa Ijumaa nipo Jakobsberg. Tumba sina zamu hata moja mpaka Desemba. Alhamisi tarehe ishirini Tumba watakuwa na vitanda vingi kwa sababu ni siku ya kubadilisha magodoro. Mwambie aende siku hiyo. Mwambie aende mapema, kabla ya foleni, apate cha karibu na radieta.

Baridi imeanza kuuma sana. Mzee wa umri ule asilale nje.

Namubiru


Ofisi ya Nyumba Tatu
Jumatatu, 24 Novemba 1975

Namubiru,

Naomba unijibu bila kuzunguka. Alhamisi ulikuwa Tumba kufanya nini?

Roselyn anasema ulimpigia simu Jumatano ukamwomba mbadilishane, yeye aje Hagsätra wewe uende kwake. Anasema ulikuwa na haraka, ulimwambia ni jambo la familia. Nimeiona kadi. Saa kumi na dakika tano mzee amefika. Saa kumi na dakika sita ameondoka. Alama ya tatu, mwandiko wako, na safari hii sababu hukuiacha wazi. Umenakili maneno yangu neno kwa neno.

Umempa hata nafasi ya kugeuka kabla ya kuweka alama? Dakika moja, Namubiru. Mlinzi wa Tumba anasema ulimfuata mpaka mlangoni na namba ya kitanda mkononi, ukamwita jina lake kwa sauti, yeye akaweka mfuko wake kichwani kujifunika uso, akatoka hivyo kwenye theluji. Mlinzi alidhani ni mchezo wa kwetu.

Gunvor ameifunga kadi leo asubuhi. Siku tisini. Kaniambia kadi hii ni mfano mzuri, imejazwa vizuri, anataka tuitumie kwenye mafunzo.

Nataka kujua kwa nini.

Winifrida


Hagsätra
Alhamisi, 27 Novemba 1975

Dada Wini,

Umeuliza, basi soma.

Mwaka sabini na mbili, wiki mbili baada ya askari kumtoa Damian darasani mbele ya wanafunzi wake, mwanangu aliugua. Alikuwa na miezi saba. Homa ilianza alfajiri, kufika saa nne hanyonyi. Mzee Apollo alikuwa na pikapu, na nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Nilienda. Nilijua adabu zangu. Sikuingia uani kwa mbele, nilipita nyuma, nikapiga magoti nimeupa mlango mgongo, na mtoto nimemfunga kifuani. Nilimwambia mfanyakazi: mwambie Baba sitamtazama, atupe tu ufunguo wa gari nje, nitamtafuta mtu wa kuliendesha.

Mfanyakazi akarudi na jibu. Mkaza mwana hazungumzi na baba mkwe. Aje na mtu wa kumsemea.

Mtu gani, Dada? Mtu wa kunisemea alikuwa ameshachukuliwa. Majirani walikuwa wamefunga madirisha. Nikamwambia mfanyakazi amwonyeshe mtoto. Jibu likarudi: siwezi kutoka yeye akiwa hapo, wala yeye hawezi kuingia mimi nikiwa ndani. Nilikaa pale magotini mpaka jua likapita utosi. Nilikuwa nasikia kikombe chake kikigongana na kisahani. Mtoto alikuwa analia, kisha akawa halii. Nikainuka nikaanza kutembea kwenda hospitali ya misheni, na sikufika na mtoto aliye hai.

Ndipo nikavuka mpaka nikaja kwa mama yako. Hamkuniuliza, sikusema. Nilimenya ndizi.

Sasa yeye amekuja mpaka huku, na mwiko wake kauleta. Vizuri. Mimi simgusi, simtukani. Nampa kitanda. Kila mara nampa kitanda chenye shuka safi, nimelipiga pasi kwa mkono wangu. Aingie. Mlango uko wazi, radieta inawaka. Kinachomtoa nje ni kilekile kilichomweka ndani siku ile. Mimi nangoja tu nione kitamweka nje mpaka lini.

Ukitaka kuifungua kadi, ifungue. Sentensi moja tu mbele ya Gunvor inatosha. Lakini itabidi uwaambie pia nani aliyeandika kwamba anapendelea kulala nje, na kwamba aliandika akijua si kweli. Barua yako ya tarehe sita ninayo. Zote ninazo, nimezifunga pamoja kwa uzi.

Nakupenda kama siku zote. Hilo halijabadilika.

Namubiru


Ofisi ya Nyumba Tatu
Jumatatu, 8 Desemba 1975

Namubiru,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza nachana. Pole ya mtoto nakupa leo, miaka mitatu baadaye, na najua haina kazi.

Ijumaa ulikuwa mkutano wa nyumba zote. Nilikwenda nimejipanga kusema. Gunvor alifungua kwa kusoma taarifa: tangu mafunzo yaanze, usumbufu mlangoni umepungua kwa nusu, na halmashauri inataka kuongeza nyumba mbili nyingine katika ushirikiano wetu. Watu wakapiga makofi, wakanigeukia mimi. Nikajiambia nitasema baada ya kahawa. Baada ya kahawa akasimama akiwa na kadi ya mzee, jina amelifunika kwa karatasi, akawafundisha wafanyakazi wageni namna ya kumtambua mtu wa aina ile. Aliandika ubaoni, avvisar hjälp, anayekataa msaada. Aliniuliza kama nina la kuongeza. Nilisema sina.

Kibali changu cha kukaa kinategemea kazi hii mpaka Juni. Nakuambia hivyo si kwa kujitetea. Au tuseme najitetea, sijui tena. Wewe ulikuwa na mtoto wa kupoteza, mimi nina kibali na makofi ya watu ishirini, na nimenyamaza kwa hivyo viwili.

Nimemtafuta mzee stesheni kuu mara tatu. Nilimwachia koti langu la zamani na soksi kwa mama mmoja anayeuza magazeti hapo. Nakuomba, na hii ni mara ya kwanza nakuomba kitu kwa jina la mama yangu: andika kwa Gunvor wewe mwenyewe. Sema alama ya tatu ulikosea. Kosa la mwanafunzi linasamehewa.

Winifrida


Hagsätra
Jumatatu, 2 Februari 1976

Dada Wini,

Sikuandika Desemba kwa sababu sikuwa na jibu zuri, na Januari kwa sababu ya kazi nyingi. Sasa kuna habari.

Mzee amepatikana. Wafagiaji walimkuta kwenye kibanda cha kungojea treni Jakobsberg, amekaa, na koti lako mwilini. Alikuwa hai. Hospitali wamemkata miguu yote miwili, mmoja juu ya kifundo, mwingine chini ya goti. Sasa wamemhamishia kwenye wodi ya wazee, huku upande wa kusini. Kitanda ni chake mpaka atakapokufa, na hakuna mtu wa kuweka alama.

Tatizo lao ni kwamba hasemi. Kiswidi hajui, Kiingereza amekiacha. Wodi imeandikia nyumba zote kutafuta msaidizi wa wagonjwa anayejua lugha yake. Kwa Kiganda hapa mjini tuko wachache, na mwenye cheti cha mafunzo ya pamoja ni mimi peke yangu. Nimeomba. Wanataka kazi ianze mwezi huu. Kilichobaki ni barua ya mkufunzi wangu.

Usiniandikie maswali. Niandikie barua hiyo.

Namubiru


Ofisi ya Nyumba Tatu
Jumatatu, 9 Februari 1976

Namubiru,

Nililala na barua yako siku tano. Nilikwenda wodini mwenyewe Jumamosi, nikasimama mlangoni. Alikuwa amelala ameelekea ukutani na sikumwamsha, kwa sababu sikujua nimwambie mimi ni nani.

Muuguzi mkuu aliniambia hali chakula. Anageuza uso kila wanapomletea. Alinishika mkono akaniuliza kama kweli kuna mtu mjini hapa anayeweza kuzungumza naye, maana wiki mbili tena hivi hatakuwa na nguvu ya kumeza. Ningeweza kumwambia habari zako. Nilimtazama mwanamke yule, amechoka, ana wagonjwa kumi na wanane, nikamwambia yupo.

Barua imo ndani ya bahasha hii, imegongwa muhuri. Nimeandika kwamba wewe ni mwanafunzi wangu bora, jambo ambalo Gunvor naye amesaini. Nimeandika kwamba unazijua mila za mgonjwa. Sikuandika zaidi ya hapo.

Namubiru, mlishe tu. Sikuombi umsamehe. Mlishe kama unavyomlisha mtu yeyote, kisha uende nyumbani. Barua zangu huna haja ya kuzirudisha. Mimi zako nimezichoma.

Winifrida


Wodini
Jumapili, 14 Machi 1976

Kwa Bibi Winifrida,

Salamu kwako na kwa wazazi wako kama wapo. Karatasi na kalamu nimepewa na yule muuguzi mrefu. Naandika nikiwa nimelala, mistari itapanda na kushuka.

Nimesikia koti lilikuwa lako. Asante. Waliliondoa kwa mkasi.

Nakuandikia kwa sababu nilikuomba usiseme na wewe hukusema. Ulilinda neno langu, na mimi nilikudanganya. Nataka ujue. Siku ile Masaka, yeye alipokuja na mtoto, haukuwa mwiko ulionizuia. Wazee wetu hawakuwa wajinga, mtoto akiugua mwiko unawekwa kando na mambo yanasafishwa baadaye. Mimi niliogopa askari. Walikuwa wamemchukua Damian, walikuwa wanaangalia nani anamsaidia mke wake. Gari langu likionekana na yeye ndani, na mimi ningechukuliwa. Niliogopa, nikatafuta neno la kusema, na mwiko ulikuwa karibu, nikaushika. Mjukuu wangu nilimsikia analia mpaka aliponyamaza. Nilikuwa nakunywa chai.

Basi tangu siku ile ikanibidi niushike kweli. Kama ningelala nyumba moja naye Jakobsberg au Tumba, ingekuwa nimekubali kwamba na siku ile ningeweza kutoka nje. Kwa hiyo nilikuwa nageuka. Kila nilipogeuka nilijiona ni mtu mwenye heshima. Miguu nimeitoa kwa ajili hiyo.

Sasa yeye yuko hapa. Anakuja asubuhi na jioni. Siku ya kwanza nilijifunika uso kwa shuka nikangoja aondoke. Sina namna nyingine ya kuondoka. Alivuta kiti akakaa. Hakusema habari ya nyumbani, hakunitukana. Analeta uji, anachota kijiko, na kabla ya kukileta anataja jina la yule mtoto. Domina. Anasema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, kisha anangoja. Nikifungua mdomo ananilisha. Kijiko cha pili anataja tena. Bakuli moja ni vijiko ishirini au zaidi kidogo. Wauguzi wanampenda sana, wanasema tangu aje mimi nakula.

Jana nilifunga mdomo. Alitaja jina mara moja akangoja, kijiko kikiwa mbele ya uso wangu, mpaka uji ukashika ngozi juu. Kisha akauondoa, akanifuta kidevu, akaenda kwa wagonjwa wengine. Jioni alirudi na uji mpya, wa moto, akaanza upya.

Nilikuwa na njaa. Nilifungua.

Apollo Sebuliba